Gereza, meza na leso: wiki moja Lisbon na Somo

Mimi na yeye tuna jina moja, ndiyo maana tangu madrasa twaitana Somo. Ni miaka thelathini na ushei. Nimelala kwao, amelala kwetu, harusi yangu alipika yeye, na mama yangu alipolazwa ni yeye aliyekesha nami wodini. Ungeniuliza kabla ya Disemba 2024 kama namjua, ningekucheka.

Mie ni karani wa hesabu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Kazi yangu ni karatasi: karatasi ya forodha, karatasi ya meli, karatasi ya kuthibitisha karatasi. Somo hupika. Pilau na biriani za harusi, masufuria ambayo mtoto aweza kujificha ndani. Pesa zake zaingia kwa M-Pesa na kwa noti zilizokunjwa mara nne, zatoka hivyo hivyo kwenda kwa muuza mchele na muuza mbuzi. Anajua kichwani nani anamdai na yeye anamdai nani, wala sijamsikia akikosea. Ila kichwa hakipigwi muhuri, na viza ya Ulaya yataka muhuri.

Tulianza matayarisho Agosti. Taarifa za benki za miezi kadhaa, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala kwa kila usiku, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na kitu cha kuonyesha kwamba una sababu ya kurudi kwenu. Mie sababu yangu ilikuwa barua ya mwajiri, ukurasa mmoja. Somo mwajiri wake ni jiko. Basi nikamtafutia leseni ya kaunti, cheti cha kodi, nikamlazimisha apitishe pesa za harusi benki badala ya kuzitia kwenye mkebe, nikamjazia fomu neno kwa neno. Ada ilikuwa euro 90 kila mtu, na ukinyimwa hurudishiwi. Tukapanda treni hadi Nairobi kupigwa alama za vidole, tukarudi usiku huo huo na mgongo unauma.

Watu walisema yao. Si bora mungelikwenda Umra? Tulishakwenda. Basi Dubai? Dubai kuna nini ambacho hakiuzwi Biashara Street?

Pasi zilipotoka, viza zikiwa ndani, nilizitia zote mbili mkobani mwangu pamoja na tiketi, bima na barua ya nyumba tuliyokodi. Somo alinitazama, hakusema kitu. Nami nikaona nimemtua mzigo.

Kwa nini Lisbon? Tiketi ilikuwa nafuu kuliko ya Paris, huo ndio ukweli. Lakini nilikuwa na langu jambo. Nimekulia Mji wa Kale, mwendo wa dakika tano kutoka Ngomeni. Ngome ile, Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka wakaitwaa 1698, na Waingereza walipokuja wakaifanya jela hadi 1958. Bibi yangu hakuwa na habari ya Fort Jesus. Kwake ilikuwa Gereza, na mtoto mkorofi alitishwa nalo. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikasoma kwamba neno lenyewe ni la Kireno, igreja, na maana yake si jela hata kidogo. Ni kanisa. Nikataka kwenda kuwaona hawa watu ambao kanisa lao sisi tulilielewa kuwa jela.

Somo, ukimuuliza, alitaka kupumzika na moshi. Akae mahali, aletewe chakula kilichopikwa na mtu mwingine, atazame watu wakipita. Aliniambia hivyo tangu Agosti, kwa maneno hayo hayo. Nilimjibu, “Inshallah,” nikaendelea kupanga ratiba.

Tulifika Jumamosi alasiri, manyunyu yakianguka. Kwenye mashine ya metro ya uwanja wa ndege nilinunua kadi moja nikaijaza nauli za kutosha, nikiwa na hakika kwamba watu wawili waweza kutumia kadi moja. Nikagonga, nikapita, nikamrushia Somo kadi juu ya geti. Geti likamgomea. Akagonga tena. Nyuma yake pamejaa watu na masanduku. Mlinzi mmoja alikuja akatuonyesha kwa vidole: mtu mmoja, kadi moja. Kadi tupu ni nusu euro. Nilirudi kwenye mashine kwa moyo mzito, nikamnunulia ya kwake, na tulipoketi ndani ya treni nikatoa daftari langu dogo nikaandika: kadi, 0.50.

Hilo daftari mtalisikia tena.

Nyumba ilikuwa Mouraria, ghorofa ya nne, haina lifti. Mtaa huo jina lake lenyewe laeleza: ndiko walikobakizwa Waislamu baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Siku hizi chini ya kilima kuna maduka ya Wabangladeshi, nyama ya halali, mchele wa magunia. Tulipandisha masanduku ngazi kwa ngazi. La kwangu lilikuwa na nguo. La Somo, aliyesema amekuja kupumzika na jiko, lilikuwa na kilo mbili za mchele, bizari, achari ya embe na mahamri yaliyofungwa kwa leso. “Kwa tahadhari,” alisema.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni baridi ya ndani. Nje nyuzi kumi na mbili, kumi na tatu, si mbaya ukitembea. Lakini nyumba nyingi za kale za Lisbon hazina kipasha joto, na mawe yake yameinywa ile baridi miaka mia mbili. Tulilala na soksi, sweta, na buibui juu ya blanketi. Kukicha mwenye nyumba akatuletea ujumbe wa ushuru wa wageni, euro 4 kwa kichwa kwa kila usiku. Usiku saba, vichwa viwili, 56. Nikalipa. Nikaandika.

Siku mbili za mwanzo, lakini, zilikuwa tamu, na utamu wake ulikuwa midomoni. Maana kila tulipopita tuliyaona maneno ya nyumbani yamebandikwa ukutani. Mkahawani mhudumu alituonyesha mesa, tukakaa mezani. Bendera juu ya jengo, kumbe bandeira. Kopo la maji ni copo. Dukani Somo alishika kitambaa cha kichwa, bibi muuzaji akasema lenço, Somo akageuka macho yamemtoka: “Leso! Kasema leso!” Akakinunua palepale bila kuuliza bei. Padri, kasha, karata, foronya, roda, parafujo, yote hayo waliyashusha kwetu. Na kuna mengine ambayo hawakutupa wao wala sisi hatukuwapa. Tulikutana nayo sote kwa Waarabu. Wao husema fulano, sisi fulani. Bibi mmoja kwenye ngazi zetu kila tukimpungia mkono wa kuaga alisema oxalá, oxalá, na Somo akaapa kwamba yule bibi ni Muislamu anajificha. Nikamweleza kwamba ni inshallah iliyozeeka. “Basi ndiyo hiyo hiyo,” akasema, “imezeeka lakini yafanya kazi.”

Nasi kuna tulichowapa. Chupa za pilipili ya kuroweka zimeandikwa piri-piri, kila meza. Somo aliionja, akatikisa kichwa kwa huruma.

Jumapili mchana tuliingia kwenye mkahawa mdogo. Kabla hatujafungua midomo, kijana akaleta mkate, zeituni, siagi na jibini ndogo ya mviringo. Somo akafurahi kweli. “Waona? Watu wakarimu. Kama kwetu, mgeni huanza kwa kitu mdomoni.” Tukala vyote, tukaomba mkate mwingine. Kisha tukaagiza supu ya kijani, caldo verde, kwa sababu kupitia kioo cha jikoni tulimwona mwanamke akikata majani membamba kama nyuzi, mkono unakwenda pasi na kutazama, na Somo akanifinya: “Sukuma hiyo! Wallahi wakata sukuma!” Nayo kweli ni ndugu yake sukuma wiki, wao huchemsha pamoja na viazi vilivyopondwa. Ilipokuja, katikati paliogelea kipande cha soseji. Nguruwe. Tuliirudisha kwa ishara na aibu. Halafu ikaja hesabu: mkate, zeituni, siagi, jibini, mkate tena, kila kimoja na bei yake.

Wenyeji wajua. Kile kinacholetwa bila kuagizwa, usipokigusa hulipi, ukikigusa umenunua. Si wizi, ni desturi, nayo imeandikwa kwenye orodha ya vyakula kwa herufi ndogo. Tangu siku hiyo tulijifunza kusukuma sahani pembeni mara tu inapotua na kusema obrigada, asante, na kuhusu supu kuuliza kabla, sem chouriço, bila soseji, ingawa hata hivyo mchuzi wenyewe huenda umeshapikwa nayo. Kwa hiyo supu tuliiacha kabisa, tukala samaki. Bakalhau yao, ule samaki wa chumvi aliyekaushwa, Somo alimnusa akasema ni ng'onda aliyekwenda shule.

Kwa hesabu yetu ya haraka euro moja tuliifanya shilingi 140. Hili nalo ni kosa, nawaambia wenzangu mnaofikiria kusafiri. Ukizidisha kila kikombe cha chai kwa 140 huwezi kumeza. Somo alizidisha siku ya kwanza, akaacha. Mie sikuacha. Nilizidisha, nikaandika, nikagawanya kwa mbili.

Jumatatu niliipanga kuwa siku ya Belém, mtaa wa kando ya mto. Saa mbili kasorobo asubuhi kwa kuhesabu kwetu, huko ndio kwanza kunakucha, nilikuwa nimeshamtoa Somo kitandani. Treni kutoka Cais do Sodré, mvua ya upande upande, mawe ya njiani. Mawe hayo ni mazuri kwa picha, meupe na meusi, yamepangwa kwa mkono mawimbi na maua. Yakilowa ni sabuni. Somo alivaa viatu vyake vya visigino vifupi kwa sababu sikumwambia, aliteleza mara mbili, ya pili akakaa chini kabisa. Tukafika kwenye ile nyumba ya watawa ya Jerónimos, jiwe jeupe refu kama bandari nzima, iliyoanza kujengwa 1501 kwa fedha za biashara ya viungo. Imefungwa. Jumatatu hufungwa. Ratiba yangu ya kurasa sita, yenye namba za mabasi na dakika, haikuwa na habari hiyo.

Sikuomba msamaha. Nilisema, “Basi twende kwenye mnara wa wavumbuzi, ni karibu.” Somo akasema anataka kukaa mahali penye joto. Nikasema dakika ishirini tu. Akaenda nami. Ule mnara wa mwaka 1960, kama meli ya zege na mabaharia wamepanga foleni kwenye omo, tuliuzunguka kwenye upepo wa mtoni bila kuzungumza, kisha tukanunua vile vikate vya kastadi, moto, mdalasini juu. Somo alikula vitatu amesimama. Vitatu hivyo niliviandika.

Kesho yake tulirudi, na siku hiyo naikumbuka yote. Kanisa la nyumba ile huingii kwa pesa, ni foleni tu. Ukishapita mlango, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama na kulia la mshairi Camões. Jiwe limechongwa mtu amelala chali, mikono ameifumbata kifuani kwa dua, ndevu ndefu. Alifia Cochin, Uhindi, mwaka 1524. Mifupa ilirejeshwa Ureno baadaye, na hapo imewekwa tangu 1880. Tulisimama. Watu wanapiga picha. Nilidhani nitahisi hasira, maana shuleni tulikaririshwa: Aprili 1498 alifika Mombasa akapata uadui, akaenda Malindi akapata urafiki na rubani wa kumvusha mpaka Uhindi, miaka saba baadaye Wareno wengine wakaja wakauchoma mji wetu. Nilichohisi ni kama unapokutana msibani na mtu aliyewahi kuidhulumu familia yenu, naye ni mzee, amelala, huna la kumfanya.

Somo alinikaribia sikioni. “Mfupi.”

Nikashindwa kujizuia. Mama yake Somo ni wa Malindi. Nikamwambia, “Nyinyi ndio mliompa rubani.”

“Alipotea njia masikini, tukamwonyesha. Ndiyo adabu ya Malindi. Nyinyi wa Mombasa hata maji hamkumpa.”

“Tulimjua.”

“Mngemjua mngemfunga. Gereza hamkuwa nalo?”

“Gereza alikuja nalo yeye!”

Tukacheka mpaka mlinzi akatutazama. Siku ile yote nilimwita Rubani. Yeye ndiye aliyeshika simu yenye ramani, na alitupoteza Alfama saa nzima, kwenye vichochoro vile ambavyo ukiondoa nguo zilizoanikwa nje na harufu ya dagaa ungesema uko Mkanyageni au Kuze, kwetu Mombasa. Jina Alfama nalo ni la Kiarabu, hamamu, kwa ajili ya chemchemi zake za maji moto. Hakuna aliyekasirika kupotea. Wala huyo bwana da Gama hatukuachana naye. Daraja refu la kutokea mjini lina jina lake, la mwaka 1998, na hata jumba la maduka. “Mtu ana mpaka duka,” Somo alisema. “Angekuwa hai ningemuuzia biriani.”

Laiti ningelijua kwamba siku nzuri ni ile ambayo ratiba ilikuwa mkobani. Sikujua. Jumatano nikairudia: kasri ya São Jorge, makumbusho ya vigae, tramu 28 ambayo tulisimama saa moja na robo kuisubiri na tukaipanda tumebanwa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Alhamisi nikapanga Sintra, treni ya asubuhi, milima, ukungu, kasri mbili. Somo alitembea. Alikuwa ameshanunua raba. Lakini alikuwa amenyamaza, nami nilidhani amechoka.

Usiku wa Alhamisi tulikula Alfama. Baada ya chakula Somo akaomba kahawa ya pili. Mie, bila hata kufikiri, mkono ukaenda kwenye daftari. Akanyoosha mkono akalichukua. Hakulinyakua, alilichukua kama unavyomchukua mtoto kisu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Kadi, 0.50. Mkate, 1.20. Chai ya Somo. Kastadi, Somo tatu, mie moja. Choo, 0.50.” Akaniinulia macho. “Choo? Somo, umeniandika choo?”

Nikamwambia ni hesabu tu, ili tukirudi kila mtu ajue. Ndivyo tunavyofanya ofisini.

“Mie si kontena lako la bandarini,” akasema. “Umenitoa forodhani, asante. Umenijazia fomu, asante. Tangu siku hiyo wanitembeza kama mzigo wenye namba. Saa mbili amka, saa tatu mnara, saa nne kaburi. Nimekwambia nataka kukaa. Mara ngapi nimekwambia nataka kukaa?” Akaweka noti ya 50 juu ya meza, akalipia chakula chote. “Na nipe pasi yangu.”

Hapo ndipo paliponichoma. Si daftari, ni pasi. Kwa sababu nilipofungua mkoba kuitafuta, mkono wangu ulisita. Kwa nukta moja nilifikiri: ataipoteza. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, aliyelisha harusi za watu mia sita bila kupoteza kijiko, nami nafikiri atapoteza pasi yake mwenyewe. Naye aliuona ule mkono ukisita.

Nilimpa. Tulipanda kilima kimya.

Ijumaa asubuhi aliondoka kabla sijaamka. Mie niliyempangia mwenzangu kila dakika nikabaki na siku nzima, na ile ratiba nikiitazama sioni pa kuanzia. Nikashuka hadi kanisa la São Domingos karibu na Rossio, ambalo liliungua moto 1959, wakalitengeneza paa na kuziacha nguzo zimemegeka na kubabuka vile vile. Nje, uwanjani, Waafrika wa Guinea-Bissau husimama na kuzungumza, wengine wanauza vitu vya kwao. Kisha nikapanda feri ya kuvuka mto kwenda Cacilhas. Feri! Dakika kumi juu ya maji ya kijivu, na kila nilichokiona nilikuwa na la kusema: kwamba hapa wanalipisha na Likoni mtu wa miguu avuka bure, kwamba hakuna anayekimbia mlango ukifunguliwa, kwamba hakuna hata muuza karanga mmoja. Niligeuka kumwambia Somo, nikakuta bwana mmoja na baiskeli yake.

Nilirudi nyumbani magharibi imeshaingia, saa kumi na moja na ushei tu. Somo alikuwa ameketi kitandani, amejifunika, ana chupa ya mpira ya maji moto kifuani.

Alikuwa amekwenda msikiti mkuu, ule wa karibu na Praça de Espanha uliofunguliwa 1985. Peke yake, kwa metro, kadi yake mkononi. Jumuiya ya pale, alivyoelezwa, wengi wao walitoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, wengi ni wenye asili ya Kihindi. Lakini upande wa wanawake alikaa karibu na bibi mweusi mnene aliyemsikia akinong'ona kwenye simu, na nusu ya maneno akayaelewa. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, anasema Kimwani, lugha ndugu ya Kiswahili chetu. Waliketi baada ya swala saa mbili nzima, huyu kwa Kimwani, huyu kwa Kimvita, wanakutana njiani. Wakazungumza nini? Samaki. Bei ya nazi. Watoto waliohama na hawapigi simu. Na Somo alipolalamika baridi, bibi akamcheka: hapa hakuna alalaye bila chupa ya maji moto, nenda duka lolote la dawa. Siku sita tumelala na buibui, na dawa ilikuwa chini ya nyumba.

“Alinifanya nikae,” Somo alisema. “Basi. Nilikaa.”

Nikamwomba radhi. Si vizuri sana. Nilianza kueleza kwanza, na Somo akaninyoshea kiganja, nikaacha kueleza nikaomba radhi tu. Alisema, “Haya.” Kwetu “haya” yaweza kuwa samahani na yaweza kuwa la. Kisha akaniambia nivae.

Alinipeleka yeye. Mpaka uwanja wa Restauradores, kwenye kile kigari cha manjano kilichokuwa kikipanda kilima, Elevador da Glória. Vilikuwa viwili, kimoja kikipanda kingine kilishuka, na vilikuwa vimeunganishwa kwa kebo moja chini ya barabara. Alilipa tiketi zote mbili na akanitazama kama nitatoa kalamu. Juu kuna uwanja wa kutazamia mji, ng'ambo kasri imewashiwa taa, na mzee anachoma njugu kubwa za kizungu kwenye jiko la makaa, moshi umetanda. Somo akavuta ule moshi puani. “Makaa mabichi,” akasema. Tukakaa. Saa nzima tulikaa, vidole vyeusi kwa maganda, hatukuenda popote. Usiku chupa ilikuwa moja. Tuliiweka miguuni katikati.

Ningependa kusema tulirudi wapya. Jumanne baada ya kurudi, nikiwa kazini, simu ikatoa mlio: M-Pesa kutoka kwa Somo. Nilikuwa sijamtajia kiasi. Alikuwa amelisoma daftari mara moja tu, pale mezani, na kichwa chake kikalihifadhi lote. Alilipa mpaka shilingi ya mwisho, choo kikiwemo, kwa 140. Nimepokea pesa nyingi maishani. Hazijawahi kuniuma kama zile. Tuliendelea kusalimiana, kutumiana sahani Ramadhani, kukaa msibani bega kwa bega. Lakini kulikuwa na uungwana fulani ambao haukuwapo zamani, ule wa watu wanaokaribishana kwenye viti vizuri.

Tarehe 3 Septemba 2025 kebo ile ilichomoka. Kigari cha Glória kilishuka kilima chenyewe kikagonga jengo, watu 16 wakafa. Nilikuwa bado sijaona habari Somo aliponipigia. Hakusalimu. “Somo, ni kile kile. Ni kile chetu.” Nikafungua picha; manjano yamekunjamana kwenye ile kona tuliyopita tukicheka. Tukabaki kwenye simu, hakuna anayesema, kila mmoja amsikia mwenziwe akivuta pumzi. Kisha tukazungumza mpaka salio likaisha, akapiga tena.

Sasa amepata fikira ya Maskati, ana jamaa zake huko. Amesema fomu atajaza yeye, na kwamba siku tatu za kwanza ni za kukaa. Nikamuuliza amepanga nini siku ya nne. Akakata simu.

Jana ametuma ujumbe nimpelekee pasi yangu. Nimeitoa kabatini, iko hapa mezani. Kesho nikienda kazini nitampitishia.